Miguu ya Cherehani

Tarehe 4 Juni

Mwanangu mpenzi, mhandisi wangu,

Kwanza kikohozi: kimeisha? Ile dawa usiiache nusu chupa, nakujua. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kidogo kwa kukaa kwenye basi kutwa nzima. Abiria wa pembeni yangu alisogea kando ili niinyooshe, baada ya kumwonyesha picha yako. Nilimwambia huyu ndiye atakayewasha mtambo wa maji tarehe ishirini, mbele ya wakubwa. Akauliza, "Peke yake?" Nikamwambia wengine watakuwepo, lakini swichi iko kwake.

Nimefika. Miaka thelathini na miwili si mchezo. Nyumba niliyozaliwa nimeikuta palepale, mlango uleule wa kijani, ila umekuwa mdogo, au mimi ndiye nimeongezeka. Chumba cha mbele kina kitanda, viti viwili, na kamba ya nguo kutoka ukutani hadi dirishani. Dada yangu, yaani mama yako mkubwa, anafua na kupiga pasi nguo za watu. Mashati ameyapanga kitandani utadhani karatasi za ofisini kwako. Alinipokea mkoba, akanipa maji ya kuoga, akauliza safari ilikuwaje. Basi. Nikampa picha yako, ile uliyovaa koti la kijivu nililokushonea kwa ajili ya sherehe. Akaitazama kidogo, akaiweka juu ya meza ya pembeni iliyofunikwa shuka, akarudi kwenye pasi yake. Hajauliza hata unafanya kazi gani.

Lakini Kasuku bado yupo! Tulikaa dawati moja mpaka darasa la sita, na hilo jina tulimpa hukohuko shuleni kwa sababu ya mdomo. Haujapona. Alikuja kabla sijavua viatu. Nikamweleza habari zako zote, shule, cheo, ofisi yenye kiyoyozi. Akanikatiza: "Wewe mwenzangu, huyo mtoto ulimzaa au ulimsoma kwenye gazeti?" Tulicheka mpaka machozi. Dada hakucheka.

Nitarudi tarehe kumi na nne. Waambie watu wako kiti changu kiwe mbele.

Mimi mama yako


Tarehe 9 Juni

Mama, shikamoo,

Kikohozi kimeisha, na chupa tupu nimeiacha mezani uje uikague. Pole kwa miguu. Msalimie mama mkubwa, mwambie natamani kumwona.

Nimepewa dakika tano za kuhutubia. Naanza na cherehani: jinsi bibi alivyokupa wewe mbele ya watu wote siku unaolewa, akasema kati ya binti zake wawili wewe ndiye mwenye kipaji, na jinsi ulivyonisomesha kwa cherehani hiyohiyo. Bosi wangu ameisoma, amesema hapo ndipo watu watapiga makofi. Ila nataka maneno ya bibi yawe kamili. Muulize mama mkubwa, yeye si alikuwepo?

Mwalimu jirani amekuja mara mbili kuulizia sketi yake.

Mwanao


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi mwili hauna shida.

Leo ndiyo siku niliyosema nitarudi, na basi limeondoka bila mimi.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ndani, na maringo yangu yote, mpaka nilipofika pale pa bibi yako na kipaji. Hapo nikaisogeza karatasi machoni. Kasuku alikuwepo, anasubiri gauni lake. Akasema, "Mbona umekwama? Endelea." Nikamwambia mwandiko hausomeki. "Wa mhandisi?" Akaninyang'anya karatasi, akaisoma hadi mwisho, kisha akamgeukia dada yangu. "Haya, shahidi. Mama yenu alisemaje?"

Dada aliweka pasi pembeni. Akaiondoa picha yako juu ya ile meza, akaivuta shuka. Mwanangu, si meza. Ni miguu ya cherehani. Vyuma, kikanyagio, gurudumu, mkanda uliokauka. Kwenye ubao pamebaki tundu la kukaa kichwa. "Alisema cherehani ni yangu," dada akasema. "Kichwa kiko wapi, muulize mgeni." Akachukua pasi yake, akaendelea na kola.

Kichwa kiko hapo nyumbani, dirishani, unakipita kila asubuhi ukienda kazini.

Sasa nakwambia ambalo sikuwahi kukwambia. Mwenye kipaji alikuwa yeye. Alikuwa akimtazama mtu anavyotembea, anakata kitambaa bila kupima. Bibi yako alimpa yeye, mbele ya watu kweli, na mimi nilikuwa hapohapo napiga vigelegele. Siku naondoka na marehemu baba yako, dada alikwenda dukani kununua uzi wa kumalizia pindo la gauni langu mimi. Nikafungua skrubu mbili kwa kisu cha mezani, nikakifunga kichwa ndani ya shuka, nikapanda basi. Aliporudi na uzi alikuta miguu. Tangu hapo hajashona. Sikumwandikia, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mazoea. Bibi yako alipofariki nikatuma salamu kwamba naumwa. Sikuwa naumwa.

Nilikuja na picha yako nikidhani itaongea badala yangu. Nilitaka aone kile kichwa kimemtoa mtu wa namna gani, tuishie hapo. Hakuuliza, na mimi nimeshindwa kujibu nisichoulizwa.

Kifungue, mwanangu, ukitume kwa basi. Na ile sehemu usiisome mbele ya watu.

Mama yako


Tarehe 17 Juni

Mama, shikamoo,

Mimi ni mzima.

Nimekifungua. Skrubu ya kushoto ilikuwa na kutu, nikaitia mafuta nikasubiri. Nimekifunga kwa shuka mbili ndani ya boksi la pampu. Kitapanda basi la alfajiri ya tarehe kumi na tisa, na kondakta amesema anakufahamu. Ulishamwonyesha picha yangu.

Hadithi ile niliisimulia kwenye usaili wa kazi. Niliisimulia chuoni. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la pili, mwalimu akanisimamisha juu ya kiti nirudie. Sasa nimefuta ukurasa mzima wa kwanza, na hotuba inaanza na kipenyo cha mabomba.

Wateja wako nimewaambia cherehani imesafiri. Mwalimu amechukua sketi yake, imeshonwa upande mmoja.

Kiti chako kiko mstari wa mbele. Kimebandikwa karatasi, "Mama wa Mhandisi." Basi hilohilo linaloleta boksi likigeuza litakuwahisha. Sikulazimishi.

Mwanao


Tarehe 24 Juni

Mwanangu,

Unaendeleaje? Unakula? Nauliza kama mtu mwenye haki ya kuuliza, nisamehe.

Nilikwenda stendi, nataka ulijue hilo. Nilikuwa na mkoba wangu, nimevaa gauni la sherehe kabisa ili lisijikunje. Basi likafika, boksi likateremshwa miguuni pangu. Kondakta akasema, "Panda mama, dakika kumi tunageuza." Kulikuwa na mbeba mizigo pale mwenye mkokoteni, nyumba anaijua, angelifikisha boksi bila tatizo. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Nikakumbuka kwamba hata mara ile niliondoka hivihivi, yeye akiwa hayupo, na gauni jipya mwilini. Nikashusha mguu. Kondakta akaniambia, "Na mhandisi je?" Nikamwita mbeba mizigo.

Boksi tulilisukuma na mbeba mizigo mpaka mlangoni. Nikamwambia dada, "Nilikuibia. Nimekirudisha." Maneno hayo tu; yale niliyoyafanyia mazoezi njia nzima yalikuwa marefu zaidi. Dada akafuta mikono. Akakinyanyua kichwa mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akakiweka kwenye bawaba. Kikakaa, hakikubishana. Akafungua kidroo cha pembeni akatoa kibunda cha uzi, mweupe uliogeuka rangi ya chai. "Uzi wako huu," akasema. Ule wa pindo, mwanangu. Nikautunga mimi, maana yeye tundu la sindano halioni tena. Ukakatika. Nikautunga tena, ukakatika tena. Mara ya tatu akasema, "Tupa huo. Lete mwingine."

Nililia kidogo. Hakunibembeleza. Alikuwa anatia mafuta.

Halafu akachukua picha yako, akaisogeza karibu na uso hadi pua ikaigusa. "Hili koti nani kashona?"

"Mimi!" nikasema, kifua mbele.

"Mikono mirefu."

"Ndiyo mtindo wa siku hizi."

"Si mtindo. Ulipompima hukumkunja kiwiko."

Kasuku alikuwa mlangoni, akashika mbavu. "Kumbe mhandisi anatembea na mikono ya kuazima!" Mimi sikujali, mwanangu. Ndilo swali la kwanza dada aliloniuliza juu yako.

Sasa ngoja nikwambie. Yeye anakanyaga, mimi natunga uzi. Juzi amebadilisha kola ya shati ambalo mwenyewe alishaliaga, amelirudisha kama limetoka dukani. Mstari wake umenyooka, hata ungekuja na rula za ofisini kwako usingeona kosa. Mtaa mzima huu hakuna kama yeye. Nasema mtaa, lakini naweza kusema mji. Watu wameanza kuleta nguo na mimi nasimama mlangoni nawaambia, huyo ndani ni dada yangu.

Anasema utume vipimo vya mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Nirudi lini, sijui. Mimi hapa ni wa tundu la sindano tu, lakini hata hiyo ni kazi.

Ulisema nini tarehe ishirini? Sistahili kuuliza. Nauliza.

Mama yako


Tarehe 30 Juni

Mama, shikamoo. Mama mkubwa, shikamoo. Najua barua hii inasomwa kwa sauti. Kasuku nawe, hujambo.

Mtambo uliwaka. Swichi iligoma mara ya kwanza, wakubwa wakatazamana. Mara ya pili maji yakatoka. Kiti chako kilikaa wazi mpaka mpiga picha alipoweka begi lake. Nilikasirika. Nimekaa na hasira siku kadhaa, ndiyo maana barua imechelewa.

Jukwaani nilikuwa na karatasi ya mabomba mkononi. Kabla ya kuisoma nilisema nimelelewa kwa cherehani ya mama yangu mkubwa. Sikueleza zaidi. Walipiga makofi vilevile.

Kuhusu koti. Mikono ni mirefu, mama. Yote ni mirefu, tangu sare ya darasa la kwanza. Huwa naikunja nikifika kona, ambapo hunioni tena. Tarehe ishirini niliikunja nikiwa nyumbani, kwa kuwa hukuwepo.

Vipimo sitatuma. Nina likizo ya siku nne, nakuja na basi la Ijumaa, koti nimelivaa. Mama mkubwa anikunje kiwiko mwenyewe.

Wewe tunga uzi.

Mwanao