Thelathini na Tano ya Nini

Jumanne, 9 Julai

Tumerudi Chamazi saa tisa mchana. Kocha amepimwa moyo. Ile mashine ya kupakwa mafuta ya baridi kifuani. Alicheka kwa sababu ya kutekenywa, mbele ya daktari! Miaka yote ya ndoa sijajua kuwa mume wangu anatekenyeka upande wa kushoto.

Dokta Sibtain ni kijana mpole. Akatazama skrini, akasema moyo unasukuma asilimia thelathini na tano. Akaandika dawa, akatueleza za asubuhi na za jioni, chumvi tuiache. Akaita mgonjwa mwingine.

Nje, kwenye benchi, Kocha akaniuliza: nimepata ngapi, Mwalimu? Nikamwambia thelathini na tano. Chini ya mia? Chini ya mia. Vile vile ninavyowaambia watoto ninapogawa karatasi — sauti ile ile. Hata uso, naogopa, ulikuwa ule ule.

Nilitegemea nitalia. Nimefika, nimechagua mchele, nimepika, nimekula. Wali ulikuwa mzuri. Sijui kwa nini naandika kwamba wali ulikuwa mzuri.

Jumatano, 10 Julai

Wifi Rukaiya kaja na machungwa na midomo. Kaka yake kamsimulia kabla hajakaa. Wifi akashika kichwa: thelathini na tano! Simu ikifika hapo si unachomeka chaja? Kocha akamjibu hii simu ya zamani, chaja zake hazitengenezwi tena. Wakacheka wote wawili mpaka wifi akaanza kufuta macho kwa mtandio. Halafu sikuelewa tena kama bado anacheka.

Mie nilikuwa namenya chungwa. Nimelimenya lote bila kukata ganda. Nilikuwaga nashindwa.

Ijumaa, 12 Julai

Darasa la Sita, asilimia. Kila mwaka naanza hivi hivi. Mie nasema "asilimia hamsini!" na darasa zima linanirudishia "YA NINI, MWALIMU?" Wanapenda kupiga kelele zenye ruhusa. Nawaambia namba hii peke yake haina miguu. Mpaka ujue mia nzima ni kitu gani.

Leo Lulu, yule mwenye mdomo, kasimama. Mwalimu, nusu ya sambusa na nusu ya sinia la sambusa zote si asilimia hamsini? Ndiyo. Basi mwenye kuambiwa hamsini tu, akakubali, ni mjinga? Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia si mjinga, ana njaa.

Nikageukia ubao kuandika mfano. Chaki ikabaki hewani.

Thelathini na tano ya nini?

Sikuuliza! Mie! Mwalimu Mwajabu, mwenye kuwapigisha watoto kelele! Nimepewa namba kavu, nikaibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani, nikampikia mume wangu. Nikaandika mfano wa mashati. Mkono uliandika wenyewe.

Jumatatu, 15 Julai

Wifi kanivuta jikoni. Kaka yako — anamwitaga hivyo akiwa na habari mbaya, kama vile ni kaka yangu mie — hamezi dawa. Tangu Alhamisi.

Nimemfuata uani, anashona nyavu za goli. Hakukataa. Alisema vile vidonge vinamkimbiza chooni, na kocha hawezi kutoka uwanjani kila dakika, vijana wataanza kumtania. Nikasema hiyo sio sababu. Akavuta uzi. Halafu akasema kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayepanga kikosi: "Mwalimu, wewe mwenyewe. Mtoto wa thelathini na tano, mitihani yote thelathini na tano, unampeleka tuisheni mpaka lini? Si unamwacha tu apumzike?"

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Nikamwambia anipe mguu. Nikabonyeza muundi kwa kidole gumba, nikaondoa. Shimo likabaki. Tukaliangalia wote. Akasema hapo unaweza kupanda mbegu ya bamia.

Nami nikacheka. Nimecheka kweli. Ndani kimya, kama redio iliyozimwa lakini taa yake inawaka.

Jumanne, 16 Julai

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nimekwenda peke yangu. Dokta Sibtain alikuwa anakula lanchi, akasimama na kunipa shikamoo huku anatafuta pa kuweka kijiko. Nikamuuliza swali langu la Darasa la Sita.

Akaeleza. Moyo hujaa damu, halafu hujikamua. Ila haukamui mpaka tone la mwisho, sehemu fulani hubaki ndani, ndivyo ulivyoumbwa. Wa kwake Kocha, katika kila mia unayojaa, unatoa thelathini na tano. Nikauliza, na mzima? Kama sitini hivi, mama. Wa mia je? Akatabasamu: wa mia mie sijawahi kuuona.

Sitini!

Nikauliza kama namba inaweza kupanda. Inaweza, akasema. Kwa wengi inapanda kiasi, akimeza dawa zote na akaacha chumvi. Asipomeza, moyo unazidi kulegea, maji yanapanda kutoka miguuni mpaka kwenye mapafu. Hapo tutaongea lugha nyingine. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikaona aibu kusema hesabu, nikamwambia nafundisha Kiswahili.

Nilipiga hesabu njiani kwa kidole juu ya pochi. Thelathini na tano gawa kwa sitini, zidisha kwa mia. Hamsini na nane na kidogo. Sio uzima, lakini sio kaburi. Ni mtoto wa katikati ya darasa, yule ambaye hakuna anayemkumbuka jina.

Nimemweleza Kocha baada ya magharibi. Taratibu, mpaka nikachora kwenye bahasha. Akasikiliza vizuri mno. Nilipomaliza akanishika bega.

"Umeniongezea maksi, Mwalimu."

Nikaapa. Akasema usiape, najua mnavyofanyaga mwisho wa mwaka, mtoto kakosa kidogo mnamsukuma apite, wazazi wasilie. Ulikuwa unanisimulia mwenyewe. Ahsante, lakini mie niache na zangu.

Kwa hiyo ukweli nimeupata, nimeufikisha, na umepokelewa kama huruma. Nimefua soksi.

Jumapili, 21 Julai

Timu yake imecheza na watoto wa Mbande, moja moja. Kocha alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakusimama hata goli lilipoingia. Watu waliona. Walijifanya hawakuona.

Romani, straika wake, alikuja nyumbani kunywa maji. Nikaona njia, nikaingia nayo. Nikamuuliza Romani mbele ya Kocha: katika mashuti kumi unafunga mangapi? Mawili, mama, siku nzuri matatu. Nikamgeukia mume wangu: asilimia ishirini! Mbona humwachi apumzike? Mbona unamwita straika bora tangu huku mpaka Mbagala? Kwa sababu kwenye kufunga hakuna anayepata mia, sivyo? Unampima na mafowadi wenzake!

Romani akainama kwenye kikombe, anadhani anasemwa. Nikajua nimeshinda. Nilishaanza kunyanyua sinia kama mshindi.

Akasema: "Huyu akikosa, kipa anapiga mpira, tunaanza upya. Huu moyo wangu ukikosa, nani anapiga?"

Nikarudisha sinia chini. Romani akasema anaomba kuondoka.

Nimekaa uani mpaka mbu wakanirudisha ndani.

Alhamisi, 1 Agosti

Asubuhi nimeona kikombe chake kimelowa kabla ya chai. Sikuuliza.

Mchana akaniambia mwenyewe, anaangalia pembeni. Anameza vya asubuhi. Vya jioni hapana, vinamwamsha kwenda chooni, anagongana na ndoo. Kwa hiyo, Mwalimu, niandikie asilimia hamsini, usije ukasema simsikilizi mke wangu.

Nikamuuliza hamsini ya nini. Akasema: ya unachotaka wewe.

Jumamosi, 24 Agosti

Muundi: shimo bado lipo. Linajaa upesi kidogo. Au nataka lijae upesi. Sijiamini.

Wifi anasema nimekonda. Nimemwambia nusu ya mume inatosha kumkondesha mtu. Akasema astaghafiru. Nilikuwa natania. Nadhani nilikuwa natania.

Jumatatu, 7 Oktoba

Naandika kwenye benchi la kliniki, juu ya mkoba. Amerudiwa kipimo leo. Nilisimama ili tuingie wote, akaniambia kaa. Leo naingia mwenyewe, namba naisikia mwenyewe, usije ukaitia sukari. Mlango ukafungwa. Nilimsikia anacheka — yale mafuta ya baridi — halafu sikusikia kitu.

Akakaa humo kwa muda mrefu. Mara ya kwanza haikuwa hivyo. Nilisikia sauti ya Dokta Sibtain, halafu ya Kocha, halafu ya Kocha tena. Anauliza maswali! Sikuyapata maneno. Mama mmoja pembeni alinikaribisha karanga, nikachukua, nimezishika hadi sasa.

Katoka anafunga vifungo vya shati. Kavifunga vibaya, upande mmoja wa kola juu ya mwingine. Nikamuuliza wamesema ngapi. Akaniangalia, akatazama barabarani.

"Lile duka la dawa ng'ambo linafunga saa ngapi?"

Nikamwambia sijui. Nikauliza tena, ngapi, Twaha? Sikumbuki mara ya mwisho kumwita kwa jina. Akasema: ngoja kwanza ninunue za jioni, zile nimeziacha tangu Julai, zitakuwa zimekufa nguvu. Nikamwambia twende wote. Akasema hapana, kaa, una karanga.

Kavuka mwenyewe, polepole, mkono mmoja ameunyoosha kuwasimamisha bodaboda. Wamesimama kweli. Namwona kupitia geti, yuko kwenye foleni, watu kadhaa mbele yake. Ameweka mikono nyuma. Kuna mzee amemsemesha, naye anajibu, anajibu kirefu, ananyanyua vidole kuonyesha kitu. Kutoka hapa siwezi kuhesabu ni vingapi.