Jina la Somoe kwenye Simu

Wanangu, mama yenu ameenda Kilambo, kivukoni. Samaki wamo sufuriani, wafunikeni, paka anawanyemelea.

Ayubu, ule utaratibu wako wa mtu kuandika SOMOE MIKINDANI badala ya namba, na simu ya mama yako ikaita, ~~ufute leo leo, matapeli watatumaliza~~ uache! Uache hivyo hivyo!

Asubuhi simu imeita. "We Somoe!" Mama yenu nusura aikate, maana hapa mtaani wote humwita Mama Ayubu. Kumbe ni dada yake, mama yenu mkubwa Mwanakombo, yuko Msumbiji! Simu yake ilizama mtoni na namba zetu zote, tukajua ndiyo basi tena. Leo anacheka tu: "Namba zako nani aziweke kichwani? Jina lako nalijua tangu hujaota meno!"

Anavuka leo. Hafsa, tandika kitanda cha mama yako, atalala mgeni. Ila mwingine akipiga akataja jina hilo, nawaonya, msimwambie kitu.

Mama mkubwa akiingia mwamkieni kwa adabu, na msicheke akimtuma mama yenu maji kama mtoto. Atayaleta mbio.

Mama yenu,
mdogo wake mtu