Leseni Niliyoisoma Juu Juu

Kasulu, Jumatano, 12 Novemba 2014. Mvua tangu saa nne asubuhi, ukungu haujainuka.

Nina hasira, na sijui niigawe vipi.

Nimekaa peke yangu dukani, chumba cha mbele cha nyumba yangu. Pembeni kuna maboksi mawili ya mota za cherehani, hayajafunguliwa tangu Agosti. Yanasubiri umeme. Nguzo iko hatua kumi na tisa kutoka mlango wa nyumba yangu. Nimezihesabu zaidi ya mara moja.

Asubuhi nilipeleka fomu na mchoro wa nyaya za nyumba kwenye ofisi ya umeme. Hawakuunganishii mpaka mchoro uwe na mhuri wa mkandarasi mwenye leseni hai. Wangu ulikuwa na mhuri, na kopi ya leseni aliyoniachia fundi alipomaliza kazi nimeibana nyuma. Mama wa dirishani hakumaliza hata nusu dakika. Aliweka kidole mstari wa tano.

"Mama, hii iliisha Juni 2012. Na wewe ni wa tatu wiki hii kuniletea hiihii."

Miezi ishirini na minane. Tarehe imeandikwa pale kwa wino mweusi, inasomeka bila miwani.

Sasa nikiri. Mimi ndiye Mama Futikamba. Nilitoka Rungwe Mpya na cherehani moja ya mguu, leo ninazo nne na nyumba ya bati. Jina hilo nimepewa na wateja kwa sababu kitambaa kikipungua sentimita mbili nakirudisha kilikotoka. Fundi Ezekieli alipokuwa anafunga nyaya kwangu, nilimbomolesha soketi moja kwa kuwa ilikuwa chini ya nyingine kwa sentimita tatu. Nilipima kila kitu ndani ya nyumba ile.

Karatasi sikuipima.

Ezekieli ni mtoto wa shangazi yangu. Nilipomwomba leseni alinitazama, akasema taratibu, "Dada, hata wewe?" Kwetu Buha kumdai ndugu karatasi ni kama kumpekua mifuko. Nikaona aibu. Nikaishika ile kopi, nikaona mhuri wa bluu, nikasema sawa, nikamrudishia. Sekunde kumi, labda kumi na mbili.

Kutoka dirishani nikamkuta Mzee Shabani kwenye benchi, yule mwenye duka la nafaka mtaani kwetu. Kopi aliyoshika ilikuwa na duara lilelile la kikombe cha chai kama ya kwangu. Nikamwuliza kama aliisoma kabla ya kumpa Ezekieli kazi.

"Niisome ya nini, binti yangu? Nilisikia Mama Futikamba kaiomba, kaishika kwa mkono wake, kisha kampa kazi. Nikasema basi, imeshakaguliwa hiyo."

Alisema bila ubaya wowote. Ndicho kilichoniuma. Nilikuwa nimekusanya maneno ya kumtupia Ezekieli, yote yakanigeukia mdomoni.

Nyumba nne mtaani zimefungwa nyaya na Ezekieli baada ya yangu. Hakuna hata moja iliyoisoma leseni. Walinisoma mimi.

Nilimpigia. Hakukimbia, hilo nakiri. Alisema mkandarasi mwenye leseni ndiye aliyemfundisha kazi, bosi huyo akahamia Mwanza, mhuri ukabaki kwake Ezekieli. "Kazi ni ileile, dada." Labda. Lakini mimi siwezi kuona ndani ya plasta, na Mwalimu Neema, jirani yangu, analaza watoto watatu chini ya nyaya hizohizo.

Ukutani pale ofisini wamebandika orodha ya wakandarasi. Nilichukua jina la mmoja wa Kigoma, nikampigia, nikamwomba namba ya leseni kabla salamu hazijaisha, nikarudi nayo dirishani. Iko hai mpaka mwakani, na daraja lake linaruhusu nyumba. Yule bwana hakununa. Aliniuliza tu kwa nini wengine hawaulizi.

Atakuja nyumba zikiwa tano, si pungufu. Kila nyumba siku mbili: afungue, apime, arekebishe, ndipo agonge mhuri. Hizo ni siku kumi. Mafundi wa laini, wale wa kuunganisha umeme, wanahama mtaa wetu kwenda upande wa Kibondo baada ya siku kumi na tatu, na wakishahama hakuna anayejua watarudi lini. Siku tatu za akiba, na mvua hii.

Maana yake wote tukubali kesho. Mmoja akikataa, haji. Na hakuna atakayekubali plasta yake ichokonolewe bila kuambiwa sababu. Shangazi atasikia kabla ya Jumapili kwamba nimemharibia mwanawe jina. Atanuna. Na mimi nitakuwa nimejiharibia la kwangu, nyumba kwa nyumba, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Saa moja asubuhi naanza kwa Mwalimu Neema. Nitamwambia zile sekunde kumi na mbili, bila kuzipunguza. Kisha nitampa namba ya leseni mpya na jina la mama wa dirishani, aende akaulize mwenyewe.

Akisema anatosheka na neno langu, nitakataa.