Antena ya Kenny

Jumatatu, 6 Oktoba

Taa imezimika. Si ya nyumba — ya adapta ya wifi ya mke wangu Mugeni, kile kidude cheusi chenye antena ndefu anachokichomeka ubavuni mwa laptop. Jana kompyuta ilijisasisha yenyewe, leo haikitambui kabisa. Mke wangu ameshinda akikichomoa na kukichomeka tena.

Tunakaa nyumba ya nyuma, hapa mtaa wa Kimironko. Mtandao ni wa mwenye nyumba na uko kule mbele kwake. Simu zetu haziupati, na bando la simu halitoshi video. Wifi ya ndani ya laptop ilikufa zamani. Ni antena hii tu inayofika. Na Jumamosi saa nne Mugeni ana somo la majaribio: watoto wa Wanyarwanda walioko Ubelgiji, atawafundisha Kinyarwanda kwa video. Wakimpenda, amepata kazi. Hana kazi tangu shule yake ya chekechea ilipofungwa, na najua anavyoumia kukaa bure.

Nikamwambia, tulia, nitatafuta draiva. Ile programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kidude. Zipo bure mtandaoni.

"Afadhali nimuulize Kenny," akasema. "Si ndiye alinipa hii kitu?"

Sikujua. Miaka yote hii ya ndoa — sikujua!

Jumanne, 7 Oktoba

Kenny. Walisoma pamoja Kampala, wakachumbiana, wakaachana; siku hizi naye yuko mji huu huu. Mugeni aliniambia mwenyewe kabla ya harusi, na mimi nikajiona mwanamume mwenye moyo mkubwa kwa kutouliza zaidi. Leo najiuliza maswali yote niliyoyaacha. Kwa nini alikitunza hiki kidude? Zawadi nyingine ziko wapi?

Baada ya vipindi, shuleni ninakofundisha, nilipita madukani Remera nikanunua adapta mpya, ndogo kama ukucha. Nikamkabidhi kwa mbwembwe. Ikawaka papo hapo! Lakini mtandao, hakuna. Tulizunguka nayo chumbani, jikoni, mpaka uani kwenye kamba ya nguo. Haifiki.

"Asante, sha. Umejaribu." Sha, yaani mpenzi. Akanibusu shavuni.

Umejaribu! Akaitia kwenye droo. Ya Kenny ikabaki mezani.

Jioni akampigia. Waliongea Kiganda. Mimi nimekulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi: nipe Kirundi, nipe Kifaransa, nipe Kiswahili ambacho ndicho ugali wangu. Kiganda sina hata salamu. Alicheka sana. Nilipomuuliza Kenny amesema nini: "Aa, mambo ya zamani tu."

Mambo ya zamani ndiyo ninayoyataka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimejifungia maabara ya kompyuta shuleni, chakula cha mchana nimekiacha. Nilitafuta kwa jina lililoandikwa mgongoni mwa adapta. Nikapata draiva tatu, nikaziweka kwenye flashi, nikakimbia nazo nyumbani. Ya kwanza ilileta matangazo ya kamari. Ya pili ilikataa kufunguka. Ya tatu ikasema imekamilika, kila kitu sawa — na taa imezima vile vile.

Nikarudi kumwuliza Claudette, anayefundisha kompyuta. Akasema usifuate jina la nje. Kiwanda kilitoa adapta hiyo mara kadhaa, jina lile lile, lakini chipu ndani ni tofauti. Fungua orodha ya vifaa kwenye laptop, nakili namba ya chipu, hiyo ndiyo utafute.

"Kwani si umpelekee fundi?" akauliza.

Nikasema naweza mwenyewe. Hakuelewa. Nataka taa ile iwake kwa mkono wangu, basi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Namba nilikuwa nayo, niliinakili jana usiku. Na draiva nimeipata! Kwenye jukwaa la Wabrazili, ya zamani kweli kweli. Mmoja ameandika inafanya kazi vizuri. Mwingine ameandika imemharibia mashine. Nikamwamini wa kwanza.

Nikadaka moto, pikipiki ya abiria, mvua inanipiga usoni, flashi mfukoni. Najiona bwana harusi.

Viatu mlangoni. Vyeupe, vikubwa, visafi hata kwa tope hili.

Kenny amekaa kwenye kiti changu. Adapta inawakawaka, kijani. Mugeni amesimama nyuma yake, mkono kwenye mgongo. Wa kiti. Nilitazama vizuri.

"Mwalimu! Hii iko rahisi tu," Kenny akasema. Akainuka, akanisalimia kwa mikono miwili. Ni mpole! Angekuwa na majivuno ningemshukuru.

"Eusta, imewaka! Kuja uone!" Mugeni akaniita.

Nikasema safi sana. Nikaenda kubadili soksi.

Kenny anamwita Mugi. Mimi sijawahi hata kufikiria kumfupisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mugeni alipokwenda mazoezi ya kwaya nilibaki na laptop. Nikafanya jambo.

Nimeifuta draiva ya Kenny na kuweka yangu. Nilitaka kesho, akiwa anafundisha, nijue kwamba ni mimi. Yeye asingejua. Ningejua mimi, inatosha. Kompyuta iligoma, ikasema haiitambui saini yake, ile alama ya kuthibitisha kwamba draiva ni salama. Nikafuata maelekezo ya yule Mbrazili: nikaiwasha upya kwa njia ya kuruka ukaguzi. Ikakubali! Taa ikawaka. Ukurasa wa kwanza ukafunguka, wa pili ukafunguka. Nilicheka peke yangu kama kichaa.

Nikaizima, nikaupitisha mkono juu ya mfuniko kana kwamba ni mtoto amelala. Mugeni aliporudi alikuta chai ya tangawizi mezani.

"Leo una nini? Unang'aa."

Nikasema ni Ijumaa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mungu wangu.

Asubuhi Mugeni aliiwasha laptop mapema ajiandae. Taa, kimya. Kompyuta imeandika kwamba draiva imezuiwa kwa usalama. Kumbe kule kuruka ukaguzi ni kwa mara moja tu — ukizima mashine, ukaguzi unarudi! Mbrazili hakusema. Au alisema, sikusoma mpaka chini.

"Eusta, uligusa kitu jana?"

"Mimi? Hapana."

Lilinitoka kabla sijalifikiria. Mugeni akampigia Kenny, Kiganda tena, lakini safari hii alikuwa analia. Kila neno la kile kilio nililielewa.

Kenny alifika kwa moto, koti limelowa chapachapa. Hakusalimia. Akakaa, akafungua orodha ya vifaa. Mimi nilisimama nyuma yake. Pale kwenye skrini: draiva yangu, na tarehe iliyowekwa, jana. Akaiona. Akageuka akanitazama.

"Nini? Ni nini?" Mugeni akauliza.

"Hizi mashine zinajibadilishaga zenyewe," Kenny akasema. "Si kosa ya mtu."

Akairudisha yake. Kijani. Mugeni akajifuta macho, akapaka poda, akawahi.

Sasa anafundisha sebuleni. Watoto wanaitikia "mwaramutse", habari za asubuhi, kwa lafudhi ya Kifaransa, wanachekana. Anawaweza. Sauti yake imechangamka kama ambavyo sijaisikia tangu mwaka jana.

Nilimpelekea Kenny chai jikoni. Akapokea kikombe, akaninong'oneza:

"Usijali, mwalimu. Ningekuwa wewe, na mimi ningefanya hivyo hivyo."

Nikaja huku chumbani kuandika. Ningekuwa wewe. Ananihurumia? Au ananiambia bado anatamani kuwa mimi? Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Amenifichia siri mbele ya mke wangu mwenyewe — sasa mimi na yeye tuna kitu ambacho Mugeni hana. Na akitaka kumwambia, ni sentensi moja tu. Ya Kiganda.

Somo limekwisha. Mugeni anapiga vigelegele, wamemkubali!

"Eusta! Mwambie Kenny asiondoke, tule wote!"

Mlango uko wazi kidogo. Namwona Kenny amesimama na koti lake mkononi, hajalivaa. Anatazama huku, anangoja mimi niseme abaki au aende.

"Eusta? Unasikia?"

Nimesema nakuja. Bado nimekaa —