Mnong'onezaji wa Chini ya Meza

Jumatatu, 13 Mei

Meza moja, watoto watatu, mama mmoja. Merritt, miaka kumi na mitatu, analilia aljebra. Wade, minane, anasoma kwa sauti, kitabu mapajani, kichwa kakiinamisha. Opal, mitano hajatimiza, yuko chini ya meza na mwanasesere wake kama kawaida. Mradi hapigi kelele, shauri yake.

Wade kamaliza kurasa mbili za hadithi ya bundi bila kukwama! Mama mkwe kapiga simu. Mwalimu mstaafu yule, haishi kunichokonoa: eti jikoni ni pa kupikia, Nadine, si pa kufundishia. Nikamwambia mjukuu wake anasoma kama maji. Akaaga upesi, akakata simu. Raha iliyoje!

Alhamisi, 16 Mei

Opal ana homa, yuko kitandani. Wade kafungua kitabu — kimya. Nikamhimiza. Kimya. Akachungulia chini ya meza.

Merritt akajibu, hata hakuinua macho kutoka kwenye hesabu zake. Opal ndiye humnong'oneza, Mama. Siku zote. Nilidhani unajua.

Nilidhani unajua! Nimekaa nao kuanzia vuli hadi leo, nikifundisha huku nakoroga sufuria, nisione kitabu kinawekwa mapajani kwa ajili ya nani.

Nikampelekea Opal dawa. Akaichukua chupa, akanisomea maandishi yake, hata onyo la kuiweka mbali na watoto. Nani kakufundisha? Akanishangaa. Wewe, Mama. Ulikuwa unamfundisha Wade.

Nikacheka. Kisha nikaingia bafuni nikalia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempata Wade kwenye banda la ndama. Mficha uchi hazai, nikamwambia, sema. Akasema: Merritt anajua kila kitu, Opal naye anajua, mimi wa katikati herufi zinanikimbia. Akaficha uso shingoni mwa ndama.

Curt kapiga simu kutoka barabarani, lori lake la maziwa linanguruma. Tuwapeleke shule ya mjini, mke wangu, hakuna aibu. Tumebishana. Mwisho tumekubaliana: Bi. Haskell, anayekuja kila Juni kuwapima watoto wetu masomo, atamsikiliza Wade. Akishindwa kusoma, Septemba wote watatu wanapanda basi la njano la shule.

Wote watatu! Atashindwa nani? Si huyu. Na si mimi.

Jumanne, 21 Mei

Alfajiri, mimi na Wade peke yetu bandani. Chaki na mbao. Kila ndama kaandikiwa jina, kila ndoo kilichomo. Hapati maziwa ndama ambaye jina lake halijasomwa. Ndama wanalia, Wade anatoka jasho, mimi nauma ulimi nisimsaidie. Kazi ngumu kuliko kuzaa, kunyamaza huko!

Merritt kaachiwa Opal. Analalamika: yaani mimi ndiye mwalimu sasa? Ndiyo, wewe. Jioni nikamkuta anamweleza kwa nini mwezi hupungua, kwa chungwa na taa. Vizuri kuliko mimi. Sikumwambia, kichwa kingemvimba.

Jumapili, 2 Juni

Wade kamsomea baba yake maandishi ya gunia la chakula cha ndama. Polepole. Kakosea mawili. Curt kavua kofia.

Jumatatu, 10 Juni

Leo Wade hata jina la ndama kasahau. Katupa chaki. Kasema anataka basi la njano. Nimeiokota chaki.

Jumatano, 12 Juni

Naandika hapa kibarazani, dirisha la jikoni wazi.

Bi. Haskell kaja na kitabu chake mwenyewe, hakuna aliyewahi kukiona nyumba hii. Wade akakipokea, akakifungua mapajani. Kisha akainama chini ya meza: toka, Opal. Opal akagoma. Nimesema toka bwana, nenda kwa Mama! Akakiinua kitabu, akakiweka juu ya meza, mbele ya macho ya kila mtu.

Opal sasa yuko magotini pangu. Tunamsikia. Neno la kwanza. La pili. Mstari mzima!

Kimya.

Bi. Haskell anangoja. Neno hilo analijua Opal, kaliona kitabu kilipokuwa mapajani, naona linavyomsumbua, kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nataka kuinuka. Siinuki.

Wade anavuta pumzi. Anaurudia mstari tangu mwanzo —