Sahihi Niliyoinyima Boti

Pasiansi, Mwanza
17 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Agutu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Mbeya na baridi hii ya Juni? Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sokoni anakwenda.

Nimepata ujumbe wako kwamba nimwombe radhi Injinia Nathaniel nirudi kazini. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Siombi radhi, shangazi. Nisikilize kwanza.

Karakana yetu inaunda boti ya faiba ya kuvusha watu hamsini kwenda Kamanga, ng'ambo ya ghuba. Kazi yangu ilikuwa kupima kwa kompyuta kama ganda litahimili mzigo na mawimbi. Kompyuta haikokotoi ganda zima kwa mkupuo. Unaligawa vipande vidogo, pembetatu zilizoshikana kama wavu. Nathaniel, mkuu wetu, hutumia pembetatu bapa. Ubavuni paliponyooka hazina neno, lakini chini ya pua ya boti, ganda linapojipinda, zinakata kona. Unapima boti ambayo haipo.

Mimi niliongeza nukta katikati ya kila ukingo, nikazisogeza mpaka zikakalia mpindo wenyewe, na ukingo nao ukapinda. Usidhani ilikuwa rahisi. Vipande kadhaa vilijikunja ndani nje, kompyuta ikagoma, nikalia. Wiki tatu nilivirekebisha kimoja kimoja. Vilipotulia, jibu likatoka: ganda litapasuka chini ya pua.

"Amondi, wavu bapa umetutosha miaka yote," Nathaniel akasema. "Weka sahihi kwenye karatasi kwamba ganda ni salama."

"Siweki."

"Basi acha funguo."

Nikaziacha mezani. Nikaondoka.

Jumamosi nilirudi kuchukua vitabu vyangu. Antoni, fundi wa faiba, akaniuliza ni wapi hasa patapasuka. Nikachora duara kwa chaki. Yeye na wenzake wakapakia viroba vya mchanga, kimoja baada ya kingine, mpaka uzito niliowatajia. Ganda lililia kama mfupa unaovunjika. Ufa ulipita ndani ya duara langu.

Mwenye boti alipouona, aliamuru tabaka za faiba ziongezwe. Ndipo Nathaniel akanitumia yale maneno mama aliyokusomea: nirudi, ila niombe radhi mbele ya mafundi wote kwa kumdharau. Nikamjibu kwamba mafundi wote walikuwepo ganda lilipopasuka. Awaulize wao nani aombe radhi.

Kazi sina, na mama amenuna. Hata hivyo watu hamsini watavuka salama, shangazi, na nikiletewa karatasi ile kesho, sahihi nitainyima tena.

Nisalimie binamu Victor na mkewe Rose. Mungu aifunike nyumba yenu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata tusipokubaliana,

Amondi Owuor