Mlango Usio na Kishindo

Mjukuu wangu Neema,

Huku Bukavu tuko wazima. Shangazi yako amejifungua mvulana mwenye sauti kubwa.

Umeniuliza kwa nini droo yenu mpya haitoi kishindo hata ukiisukuma kwa hasira. Ndani kuna pistoni yenye mafuta yanayopita katika tundu dogo. Ukisukuma kwa nguvu, yanakuzuia zaidi.

Ujanani mwangu, baba aliponikataza kwenda kufundisha kisiwani Idjwi, nilibamiza mlango. Haukutoa kishindo. Alikuwa amepigilia mpira wa tairi kwenye fremu, mdogo wangu mchanga apate kulala. Nikaubamiza tena.

"Ongeza nguvu, mama," akaniambia baba. "Pengine mlango utalia."

Tukacheka wote wawili. Akanivutia kiti.

"Sasa iko nini kule Idjwi? Unielezee."

Alinisindikiza bandarini mwenyewe, amebeba sanduku langu.

Nakukumbatia,
Tate yako